Lori la taka kwenye filamu: nani Arusha atalitambua?

Katika filamu ya Hatari! kipo kipande ambacho wazee wa Arusha hawachoki kukisimulia. Watoto watatu wa tembo wanakatiza mjini mchana kweupe wakimfuata mwigizaji Elsa Martinelli. Watazamaji huwatazama tembo, na ni haki yao. Lakini ukisimamisha picha na kuangalia nyuma ya tembo, unaiona Arusha yenyewe: maduka, watu waliokuwa na shughuli zao siku hiyo, na magari.

Mwongozaji Howard Hawks alifika Tanganyika na kikosi chake mwishoni mwa mwaka 1960, wakapiga picha hadi mwaka uliofuata. Filamu ikatoka 1962. Katikati hapo, tarehe 9 Desemba 1961, bendera ilibadilika. Kwa hiyo mtaa unaouona kwenye filamu hiyo ni Arusha ya mwaka wa mwisho wa utawala wa Mwingereza, umehifadhiwa kwa rangi na kwa kamera bora za wakati ule. Russell Harlan, aliyesimamia upigaji picha, aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo. Ni miji michache ya Afrika Mashariki iliyobahatika kupata kumbukumbu ya namna hii, na sisi tuliobaki nayo tumeitumia kwa nadra sana.

Duniani kuna watu ambao wakitoka kazini jioni hukaa na filamu za zamani wakitambua magari. Gari likipita kwa sekunde moja nyuma ya mwigizaji, wao wanataka kujua limeundwa na nani, ni toleo gani, la mwaka gani. Ukiwasikia kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni mchezo wa watu wasio na la kufanya. Mimi nauhesabu kuwa utafiti. Gari ni ushahidi wa tarehe, wa biashara, wa nani alikuwa na fedha na nani alifanya kazi gani. Hilo gari la kukamatia wanyama katika Hatari!, lenye kiti kilichofungwa mbele kwenye bawa, ambapo John Wayne anakaa na mti mrefu wenye kitanzi akimsubiri kifaru afike karibu, limejadiliwa na kupimwa mpaka vipuri vyake. Jipu dogo la kuswagia nalo limepata wapenzi wake. Filamu inaanza na kifaru akilichoma jipu na kumjeruhi mguu yule anayeitwa Indian, na watu wamekitazama kipande kile mara nyingi ili tu waone vizuri shoo na taa za gari.

Lakini lipo gari moja ambalo hata mabingwa hao wa ughaibuni hulikwepa, au hulitaja kwa neno moja tu, "lori", kisha wakaendelea. Ni gari la taka.

Sababu ya kwanza ni kwamba halionekani. Watu wa filamu wakija kupiga picha mjini, jambo la kwanza wanalotaka ni barabara safi, na lililoisafisha linatakiwa liwe limeshaondoka. Magari ya taka hutoka alfajiri. Hakuna bwana harusi aliyewahi kupiga picha akiwa ameliegemea. Kwa hiyo likitokea kwenye filamu ya zamani, limetokea kwa bahati: kamera ilikuwa inamfuata mtu mwingine, lori likapita nyuma.

Sababu ya pili inatoka kwenye chuma chenyewe. Taka zetu kwa sehemu kubwa ni za jikoni: maganda ya ndizi, majani ya mboga, mabaki ya sokoni. Zikikandamizwa zinatoa maji, na maji hayo ni makali. Yanakula sakafu ya bodi, yanakula maungio, yanaingia kwenye bawaba za mlango wa nyuma. Basi au lori la mizigo linaweza kuishi miaka arobaini kwa fundi mzuri, ila bodi ya gari la taka huoza wakati injini bado ina nguvu. Hapo mwenye mali anafanya jambo la busara. Bodi inauzwa chuma chakavu, chesisi inavishwa bodi ya mbao, na lori linaanza maisha mapya ya kubeba mchanga au magunia. Baada ya miaka kumi hakuna anayekumbuka lilikuwa la taka. Ndiyo maana hata Uingereza, nchi iliyounda magari hayo kwa wingi na kuyapeleka katika makoloni yake, malori ya taka ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia yaliyobaki mazima ni machache mno kuliko magari ya zimamoto ya umri uleule, ingawa viwandani yalitoka mengi zaidi. Gari la zimamoto lilipendwa, likapakwa nta, likatunzwa kwenye jengo lake. La taka lilitumika mpaka likaisha.

Sababu ya tatu ndiyo inayowachanganya watambuzi wengi. Lori la taka lina wazazi wawili. Kiwanda kimoja kinatengeneza chesisi, injini na kabini. Kiwanda kingine kabisa kinatengeneza bodi ya nyuma na mitambo yake. Mtu akikuambia "hilo ni Bedford" amejibu nusu ya swali. Nusu nyingine, ambayo ndiyo inalifanya liwe gari la taka, bado haijaguswa.

Hebu tuingie kwenye hiyo nusu ya pili, maana ina historia nzuri.

Mwaka 1923, katika mji wa Letchworth nchini Uingereza, Harry Shelvoke na James Drewry walianza kuuza kigari walichokiita Freighter. Kilikuwa na vigurudumu vidogo ajabu, na sakafu yake ilikuwa chini kiasi kwamba mtu hakuhitaji kuinua pipa la taka juu ya kifua. Kilikwenda polepole, na dereva alikiongoza kwa vishikio badala ya usukani wa duara tuliouzoea. Wazo lao lilitoka kwa mtu anayebeba pipa. Hawa mabwana walijiuliza mgongo wa mzoataka unaumia wapi, wakashusha sakafu mpaka hapo. Kampuni yao iliendelea hadi 1991. Ukiona kwenye filamu ya zamani ya mji wowote gari fupi, la chini, lenye magurudumu kama ya toroli na bodi yenye mifuniko ya kuteleza ubavuni, anza na jina la Shelvoke & Drewry kabla ya jina lingine lolote.

Mifuniko hiyo ya ubavuni ndiyo alama kubwa ya zama za kwanza. Taka ziliingizwa kwa pembeni, na hakukuwa na kitu cha kuzikandamiza isipokuwa miguu ya vibarua. Kisha ukaja ubunifu wa bodi inayoinuka pande mbili. Ikiinuliwa kuelekea mbele, taka za nyuma zinaporomokea mbele na nafasi inapatikana. Ikifika dampo inainuliwa kuelekea nyuma na kumwagwa. Ukiliona lori limesimama mtaani na bodi imenyanyuliwa upande usioutegemea, usidhani limeharibika. Lilikuwa kazini.

Marekani walikuwa wameshika njia nyingine. Gar Wood walitoa mwaka 1938 gari lao la Load Packer, ambalo taka zinaingizwa nyuma kwenye beseni, kisha bamba linaloendeshwa kwa haidroliki linazikokota na kuzisukuma ndani kwa nguvu. Hapo ndipo ilipozaliwa kompakta tunayoiona leo ikipita kwenye mitaa yetu. Wajerumani wakaja na bodi ya duara kama pipa kubwa inayozunguka huku ikisaga na kuvuta taka ndani. Mojawapo ya majina yaliyovuma kwa aina hiyo ni KUKA wa Augsburg, kampuni ambayo leo inajulikana kwa roboti za viwandani. Ukiona lori lenye mgongo wa mviringo uliopigwa mistari ya kujikunja, umeshapata mwelekeo.

Kwa hiyo mtambuzi huanza nyuma ya gari. Kuna mifuniko ubavuni? Kuna beseni nyuma? Bodi ni ya duara au ya pembe? Pistoni za haidroliki ziko wapi? Akishapata majibu hayo ndipo anapokwenda mbele, kwenye kabini.

Tuchukue mfano wa picha ya sekunde mbili. Filamu ya sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde, maana yake kuna picha 48 za lori hilo. Nyingi zitakuwa na ukungu wa mwendo. Zitapatikana mbili au tatu zilizotulia, na katika hizo kazi ndipo inapoanza.

Kwanza, usukani uko upande gani? Tanganyika iliendesha kushoto na usukani ukiwa kulia, kama sisi leo. Ukiuona kushoto, ama gari limeletwa kutoka Marekani au bara la Ulaya, ama mhariri ameigeuza picha kwa ajili ya mtiririko wa mwendo. Jambo hili la kugeuza picha hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Namna ya kulithibitisha ni kutafuta maandishi yoyote kwenye fremu, hata kibao cha duka: yakisomeka kinyume, picha imegeuzwa.

Kisha kioo cha mbele. Ni kimoja au kimegawanywa katikati? Waipa zinaning'inia kutoka juu au zimesimama kutoka chini? Boneti ipo, au kabini imekaa juu ya injini? Madigadi yamejitenga au yameungana na mwili? Kila jibu linakata miaka. Bedford aina ya O ilitoka 1939; ya S ilitoka 1950; TJ, yenye boneti, ambayo madereva wengi wa Afrika Mashariki waliifahamu kwa shida na raha zake, ilitoka 1958. TK ikaja 1960 na kabini isiyo na pua. TK ina alama moja isiyodanganya: nyuma ya mlango wa dereva kuna kifuniko kingine, maana injini imekaa nyuma ya viti, na fundi anaifikia kwa kufungua hapo. Ukiiona Bedford TK kwenye filamu iliyopigwa Arusha mwanzoni mwa 1961, jua unatazama gari jipya kabisa. Ukiiona kwenye picha ambayo mtu anadai ni ya 1955, mwambie kwa heshima kwamba tarehe si sahihi.

Shoo nayo husema. Albion, malori ya kutoka Scotland ambayo Leyland iliyanunua pamoja na kiwanda chake mwaka 1951, yalibeba mbele nembo ya jua linalochomoza, miale imetawanyika juu ya rejeta. Hata picha ikiwa na ukungu, ile miale huonekana kama kivuli cha feni. Jina lenyewe linaweza kuwa limefutika kwa kutu au kufunikwa na rangi ya halmashauri, jua likabaki.

Kuna ujanja mwingine ambao mafundi wetu watauelewa haraka kuliko msomi yeyote: kutumia tairi kama rula. Tairi la 900 kwa 20 lina kimo cha mita moja na sentimita mbili hivi. Pima kwenye picha kimo cha tairi, kisha pima umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. Umepata urefu wa chesisi kwa makadirio mazuri. Hesabu nati za rimu. Angalia springi zimepangwaje. Haya ni mambo ambayo kijana wa gereji pale Unga Limited anayajua kwa mkono kabla ya kuyajua kwa macho.

Halafu kuna magari jirani. Mara nyingi lori lenyewe halisomeki, lakini lililoegeshwa pembeni yake linasomeka. Land Rover ya kwanza, iliyotoka 1948, ina mbavu bapa. Iliyofuata, ya 1958, mbavu zake zimebinuka kidogo begani. Taa za mbele za Land Rover zilikaa karibu karibu kwenye shoo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960, ndipo zikahamia kwenye mabawa. Volkswagen ile ya kobe ilikuwa na dirisha la nyuma la yai mpaka ilipofika nusu ya pili ya 1957, kisha likawa pana la pembe nne. Peugeot 403 ni ya kuanzia 1955, na 404 ni ya kuanzia 1960. Gari jipya kuliko yote kwenye fremu ndilo linalokupa mpaka wa chini wa tarehe. Picha haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko hilo gari.

Na kabla ya magari, kuna mlima. Hili watambuzi wa mbali hulikosea sana, na mtu wa hapa hawezi kulikosea. Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566, una sura mbili. Kutoka mjini Arusha, kusini-magharibi, unauona umekamilika, umechongoka, ukijaza anga nyuma ya nyumba. Kutoka Momella, upande wa pili, unauona umebomoka: ukuta wa mashariki uliporomoka zamani za kale, na ndani ya kovu hilo pamesimama kilima cha majivu. Kwa hiyo kwenye Hatari!, ambayo kambi yake ya wakamata wanyama ilikuwa Momella, huna haja ya kuuliza picha fulani ilipigwa wapi. Utazame mlima. Ukiwa mzima, uko upande wa mjini. Ukiwa na kovu, uko Momella, ambako Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji wakuu, alipapenda mpaka akanunua ardhi na kuishi kwa miaka kadhaa. Eneo lile la Kreta ya Ngurdoto lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1960, mwaka uleule kamera zilipofika, na mwaka 1967 Mlima Meru ukaingizwa na hifadhi nzima ikaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Mtambuzi asiyejua tofauti ya sura hizo mbili anaweza kuliweka gari la shambani katikati ya mji, na la mjini akalipeleka porini.

Nimetaja namba za gari kwa makusudi mwishoni, kwa sababu watu hukimbilia huko kwanza na mara nyingi hazionekani. Zikionekana ni hazina. Katika nchi yetu herufi za kwanza za namba zimekuwa zikieleza mwenye gari ni nani. SM ni serikali za mitaa, SU ni shirika la umma, DFP ni mradi wa wafadhili. Lori la taka lenye SM ni la halmashauri. Lenye namba za kawaida za binafsi linakueleza habari nyingine: kwamba picha ilipigwa katika zama ambazo kazi ya taka ilishaanza kutoka mikononi mwa halmashauri. Dar es Salaam ilianza kukabidhi uzoaji wa katikati ya jiji kwa kampuni binafsi mwaka 1994, na miji mingine ikafuata kwa namna yake. Leo hapa Arusha utayaona yote barabarani kuelekea dampo la Muriet: kompakta, tipa lililofunikwa turubai, trekta na tela, gari la kunyanyua kontena, na Kenta ya kikundi cha vijana iliyozungushiwa mbao ili ibebe zaidi.

Linganisha sasa na chombo kingine maarufu cha kaskazini hii kilichoonekana kwenye skrini: ndege ambayo Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabia wanyama, ile Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya pundamilia, yenye herufi D-ENTE ubavuni. Ilionekana katika filamu yao ya Serengeti ya mwaka 1959, filamu iliyoshinda Oscar. Kila mtu anajua aina yake, namba yake, rubani wake, na siku ilipoanguka, tarehe 10 Januari 1959, Michael akiwa ndani. Kaburi lake liko ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro na wageni husimama hapo. Ni sawa kabisa kwamba ndege hiyo inakumbukwa. Ninalolalamikia ni pengo lililopo kati ya chombo kilichohesabu wanyama na chombo kilichosafisha mji. Madereva na utingo wa magari ya taka ya Arusha walifanya kazi yao kila asubuhi kwa miongo mingi. Mji huu ungeugua bila wao. Mito yetu ya Themi, Naura na Goliondoi, inayoshuka kutoka Meru na kukatiza katikati ya watu, ndiyo inayopokea taka siku ambazo lori halikupita. Watu hao wanastahili angalau gari lao lijulikane jina.

Na picha za kulitafuta gari hilo zipo nyingi kuliko tunavyodhani, wala haziishii kwenye Hatari!. Arusha imepigwa picha na dunia nzima. Mwishoni mwa Januari 1967 lilipitishwa hapa Azimio la Arusha. Agosti 1993 ulitiwa saini hapa mkataba wa amani wa Rwanda. Kisha ikaja Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwishoni mwa 1994 na kufunga kazi zake mwishoni mwa 2015, na miaka yote hiyo kamera za televisheni zilikuwa zinasimama nje ya jengo la mikutano la AICC zikisubiri mtu atoke. Kamera inayosubiri hupiga barabara. Magari yanapita. Halafu kuna familia za Kihindi, Kigiriki na Kizungu zilizoishi hapa na kuhama zikiwa na mikanda midogo ya filamu za nyumbani, ambayo leo wajukuu wanaikuta kwenye masanduku na kuionyesha hadharani bila kujua wanaonyesha mtaa gani. Huko ndiko ningelitafuta lori la taka: nyuma ya mtoto anayejifunza baiskeli, nyuma ya mama anayepunga mkono mbele ya Mnara wa Saa.

Ila kulitafuta bila wenyeji ni kazi bure. Mtaalamu wa Leeds au Hamburg atakutajia kiwanda cha kabini kwa haraka ya kushangaza. Hawezi kukuambia kama bodi ile ilikuja nayo kutoka kiwandani au ilichomelewa hapa Arusha baada ya ile ya kwanza kuoza. Hajui kwamba shoo ya gari moja ilipachikwa kwenye gari jingine kwa sababu spea hazikuwepo, jambo lililokuwa la kila siku katika kipindi kigumu cha mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati fedha za kigeni ziliadimika na fundi aliishi kwa kunyofoa hiki na kukiweka kile. Kwa lori la namna hiyo, vitabu vya viwandani vitakupoteza. Anayejua ni aliyelishika.

Na aliyelishika huulizwa kwa utaratibu. Usimwekee mzee simu mbele ya uso ukamwuliza hili ni gari gani. Msalimie, kaa, mwache aiangalie picha kwa muda wake. Kisha uliza kazi: "Shikamoo mzee. Hili liliwahi kuja gereji kwenu? Lilikuwa linasumbua wapi?" Swali la ugonjwa wa gari humfungua fundi kuliko swali la jina. Akikumbuka kwamba klachi yake ilibadilishwa kwa kushusha gia boksi nzima, au kwamba pampu ya haidroliki ilivuja kwenye sili ileile kila mara, tayari amelitofautisha na mengine yote. Muulize pia dereva alikuwa nani na utingo walikuwa wangapi. Andika papo hapo, na kabla hujaondoka msomee ulichoandika.

Tusingoje magari ya sasa nayo yawe fumbo. Kompakta ndogo za Isuzu zinazoingia nchini zikiwa zimeshatumika Japani bado zina maandishi ya Kijapani milangoni na ubavuni, wakati mwingine pamoja na jina la mji zilikotoka. Nyuma, karibu na beseni, kuna kibati cha mtengenezaji wa bodi: ShinMaywa, Kyokuto, au Fuji ya zamani ambayo haitengenezi tena bodi hizo. Kabla ya kulipiga rangi mpya, mwenye gari apige picha za maandishi hayo na kibati hicho. Ni dakika tano. Baada ya miaka hamsini, mtu atakayeliona gari hilo likipita nyuma ya video ya harusi ya Njiro au Sakina atakuwa na pa kuanzia.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wa Arusha, Usa River, Tengeru na Ngaramtoni. Kama mzazi wako au babu yako aliendesha, alitengeneza au alipakia gari la taka la mji huu, tafuta picha zake wikiendi hii. Andika nyuma ya kila picha, kwa penseli laini, majina ya watu walioonekana, mtaa, mwaka na namba ya gari. Kama umebaki na kibati, shoo, nembo au kitabu cha fundi, usikiuze kwa kilo. Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia lipo pale Boma, ndani ya jengo la Wajerumani la mwaka 1900. Peleka nakala, waombe waitunze. Na kama mwenye kumbukumbu yupo hai, anza na yeye leo, picha zitasubiri.